Pumzi Ipimwe kwa Urefu: Mashine ya Kupumulia na Mapafu ya Mgonjwa Mnene Wakati wa Upasuaji

Mgonjwa wa Mkoa wa Lindi anayehitaji upasuaji mkubwa huenda akaanza safari yake Liwale, Nachingwea au Kilwa Kivinje, akafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na hali ikilazimu akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara, au Muhimbili, Dar es Salaam. Popote atakapopokelewa, jalada lake litabeba namba kadhaa: joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, uzito. Namba inayosahaulika kwa urahisi ni urefu wake. Kwa mgonjwa anayepasuliwa kwa ganzi ya sehemu, upungufu huo pengine hauna madhara. Kwa mgonjwa mnene atakayelazwa kwa nusukaputi na kupumuliwa na mashine, urefu ndio msingi wa hesabu ya kila pumzi atakayopewa, na hesabu ikikosewa mapafu yanaweza kujeruhiwa pasipo mtu yeyote chumbani kuona.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wataalamu wa usingizi, wauguzi wa wodi za upasuaji na wanafunzi wao. Sehemu yake ya mwisho inamhusu pia ndugu anayeuguza, kwa kuwa ipo kazi ambayo ni yeye tu anayeweza kuifanya usiku wa manane muuguzi mmoja anapohudumia wodi nzima.

Jiografia ya mkoa inalipa jambo hili uzito wa pekee. Mgonjwa anayepata nimonia au kushindwa kupumua siku ya tatu baada ya upasuaji huhitaji uangalizi mahututi, na kitanda cha namna hiyo mara nyingi kiko mbali. Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya Kimbunga Hidaya kuipiga pwani, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Mkoa ambao barabara yake ya rufaa inaweza kusombwa na maji una kila sababu ya kuwekeza katika yale yanayozuia tatizo kabla halijahitaji rufaa.

Unene, na kile usichokibadilisha

Wataalamu hupima unene kwa kugawa uzito wa mtu katika kilo kwa urefu wake katika mita, urefu huo ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene uliokithiri, ambao vitabu vyetu huuita kiribatumbo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kwa hiyo mgonjwa mnene si mgeni tena katika chumba chochote cha upasuaji nchini. Katika pwani yetu mtu aliyenenepa husemwa kuwa amenawiri, na aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Si nia ya somo hili kumsuta mtu kwa umbo lake. Anayefika na utumbo uliojisokota hana muda wa kupunguza uzito, na haki yake ni kupata huduma inayolingana na mwili alio nao leo.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba mapafu hayanenepi. Mwanamke aliyekuwa na kilo 55 akiwa msichana na sasa ana kilo 100 amebaki na mapafu yale yale. Ukubwa wa mapafu hufuata urefu wa mtu na jinsia yake, si mafuta yaliyoongezeka tumboni na mapajani. Kilichobadilika ni mzigo ulio juu ya mapafu hayo: kifua kizito zaidi kuinuka, na tumbo linalosukuma kiwambo kuelekea juu, hasa mtu anapolala chali.

Tunapotoa pumzi kwa kawaida, hewa yote haitoki. Hubaki akiba inayovizuia vifuko vidogo vya hewa visifunge, na akiba hiyo hiyo ndiyo inayolisha damu oksijeni kati ya pumzi moja na nyingine. Kulala chali huipunguza. Dawa za nusukaputi na za kulegeza misuli huipunguza zaidi, kwa kuwa kiwambo hupoteza ukakamavu wake na tumbo hupanda. Kwa mtu mnene akiba hii ilikuwa ndogo tangu mwanzo, hivyo vifuko vya sehemu za chini na za nyuma ya mapafu hufunga na kunywea. Mwaka 1985 watafiti wa Sweden, miongoni mwao Göran Hedenstierna, walionyesha kwa picha za skani kwamba kunywea huku huanza ndani ya dakika tano tu baada ya mgonjwa kulazwa usingizi, hata mapafu yake yakiwa na afya. Mwaka 2002 watafiti wa Uswisi walilinganisha wagonjwa wembamba na wanene sana: saa 24 baada ya upasuaji mapafu ya wembamba yalikuwa yamerudia hali yake kwa sehemu kubwa, lakini ya wanene yalikuwa bado yamenywea. Sehemu iliyonywea haipitishi oksijeni, makohozi hutuama humo, na vijidudu hupata makazi.

Kwa nini tuliwapa wagonjwa pumzi kubwa mno

Mwaka 1963, madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Henrik Bendixen, walichapisha matokeo yaliyotawala vyumba vya upasuaji kwa miongo kadhaa. Waliona kuwa mgonjwa aliyepewa pumzi ndogo zisizobadilika alipoteza oksijeni kidogo kidogo, na kwamba pumzi kubwa zilimrudisha. Funzo lililotoka hapo lilikuwa rahisi kukumbuka: mpe mgonjwa mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo. Vizazi vya wataalamu vilifundishwa hivyo, na wengi walitumia kilo zilizosomwa kwenye mizani.

Kasoro ilionekana kwanza kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2000 mtandao wa hospitali za Marekani ulitoa matokeo ya wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhika vibaya. Waliopumuliwa kwa mililita 12 kwa kila kilo walifariki asilimia 39.8, waliopewa mililita 6, asilimia 31.0. Kilo zilizotumika hazikuwa za mizani bali zilikokotolewa kutoka kwenye urefu. Tofauti kubwa kiasi hicho, iliyopatikana kwa kugeuza kitufe kimoja tu, ni nadra katika tiba ya mahututi.

Sababu yake ni hii. Sehemu ya mapafu ikishanywea, pumzi inayosukumwa na mashine haigawanyiki sawasawa. Ni kama chakula kilichopikwa kwa watu kumi kikalazimishwa kwa watu sita waliofika: vifuko vilivyobaki wazi hubeba mgawo wa vile vilivyofunga, hutanuka kupita kiasi, kuta zake huchanika kwa viwango visivyoonekana kwa macho, na uvimbe huanza. Uvimbe huo hauishii kifuani. Kemikali zake huingia kwenye damu na kufika kwenye figo na viungo vingine.

Hao walikuwa wagonjwa mahututi. Swali likawa: je, saa tatu za mashine kwa mtu mwenye mapafu mazima zina madhara? Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walijibu kwa wagonjwa 400 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Kundi moja lilipewa pumzi kubwa za mtindo wa zamani, bila shinikizo lolote mwishoni mwa pumzi. Kundi la pili lilipewa mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo inayotokana na urefu, pamoja na shinikizo la wastani mwishoni na kutanuliwa mapafu kila baada ya nusu saa. Matatizo makubwa ndani ya siku saba yaliwapata asilimia 27.5 ya kundi la kwanza na asilimia 10.5 ya la pili. Hata hivyo wagonjwa wanene sana hawakuingizwa katika utafiti huo. Wale waliohitaji jibu zaidi waliachwa mlangoni, na ilibidi wasubiri miaka sita.

Hesabu yenyewe

Tuifanye hesabu kwa mfano. Mwanamke ana umri wa miaka 50, urefu wa sentimita 155 na uzito wa kilo 104. Uwiano wake wa uzito kwa urefu ni 43. Anatolewa mfuko wa nyongo wenye mawe.

Uzito unaotokana na urefu, kwa mwanamke, hupatikana kwa kuanza na 45.5, kisha kuongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4. Kwa mwanamume tunaanza na 50, na nyongeza ni ile ile. Mama huyu amezidi kwa sentimita 2.6, zidisha kwa 0.91 upate 2.4, jumlisha na 45.5 upate kilo 48. Mililita 7 kwa kila kilo ni mililita 336, yaani karibu sawa na soda moja ya chupa ya kioo ya mililita 350. Mtu akitumia kilo 104 za mizani na mililita 10 za zamani, atampa mililita 1,040 kwa kila pumzi. Hiyo ni zaidi ya chupa ya maji ya lita moja, mara kumi na nne kwa dakika, kwa muda wote wa upasuaji, katika mapafu yaliyoumbwa kwa ajili ya mtu wa kilo 48.

Asiyependa hesabu wakati mgonjwa yuko mezani anaweza kuandaa kadi mapema na kuibandika kwenye mashine. Kwa mililita 7, mwanamke wa sentimita 150 hupata takriban mililita 300, wa 160 mililita 370, wa 170 mililita 430. Mwanamume wa sentimita 160 hupata takriban mililita 400, wa 170 mililita 460, wa 180 mililita 525. Uzito wa mizani hauonekani popote kwenye kadi hiyo, na haupaswi kuonekana. Kazi yake ni katika dozi za baadhi ya dawa.

Kupima urefu hakuhitaji kifaa cha kuagiza. Mgonjwa asiyeweza kusimama alazwe amenyooka, apimwe kutoka utosini hadi kisiginoni. Utepe wa fundi cherehani unatosha, ila kwa kawaida una sentimita 150 tu, hivyo huwekwa mara mbili, na asiyekumbuka hilo huandika mgonjwa mfupi kuliko alivyo. Kukadiria kwa macho si salama: mtu mnene aliyelala huonekana mkubwa kwa kila upande, na jicho humwongezea hata urefu asio nao.

Pumzi ikiwa ndogo, idadi yake kwa dakika lazima iongezeke ili hewa chafu itoke. Mgonjwa mnene huzalisha hewa chafu nyingi zaidi. Pumzi 14 hadi 18 kwa dakika si jambo la ajabu kwake, mradi apewe muda wa kutosha wa kutoa pumzi kabla ya nyingine kuingia. Mwenye pumu ahitaji muda mrefu zaidi.

Pale ambapo mashine ni mkono

Yote yaliyotangulia yanadhani kuwa kuna mashine yenye namba. Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, ama mashine ni ile ya kuvuta hewa ya chumba isiyo na kioo cha kuonyesha ujazo, ama umeme hukatika katikati ya kazi na mtaalamu hushika mfuko wa ambu. Hapo mpangilio wa mashine ni nguvu ya kiganja cha mtu. Mfuko wa mtu mzima hubeba takriban lita moja na nusu. Mama wa mfano wetu anahitaji chini ya robo ya ujazo huo. Anayeukamua kwa mikono miwili, tena kwa hofu ya kuona oksijeni inashuka, humpa mara mbili au tatu ya mahitaji yake.

Wanafunzi hufundishwa kutazama kifua kikiinuka. Ni ushauri mwema kwa mtu mwembamba. Kwa mtu mnene kifua huinuka kwa shida hata pumzi ikiwa ya kutosha, na anayesubiri kuona mwinuko mkubwa hukamua kupita kiasi. Dawa yake ni kuuzoeza mkono kabla ya siku ya kazi. Chukua mfuko wa mafunzo, usiotumiwa kwa wagonjwa, na uuunganishe na mrija. Jaza maji kwenye chupa ya lita moja na nusu, ipindue katika beseni la maji, ingiza mrija mdomoni mwake, kisha kamua mara moja. Hewa itayasukuma maji nje. Weka alama ulipofika usawa mpya, na baadaye pima kwa kikombe chenye vipimo ni kiasi gani kilichotoka. Baada ya majaribio ishirini, kiganja kitaijua mililita 350 kama kiganja cha muuza karanga kinavyokijua kipimo chake. Ningependa kila mwanafunzi wa usingizi afanye zoezi hili kabla hajaguswa na mitihani ya maandishi.

Shinikizo la mwishoni mwa pumzi

Mashine huweza kuzuia hewa isitoke yote, ikabakisha shinikizo dogo ili vifuko visifunge. Hupimwa kwa sentimita za maji. Aliyefanya kazi wodi ya watoto wachanga analijua vizuri: mrija wa kutolea pumzi unapozamishwa sentimita 5 ndani ya chupa ya maji, mtoto hubakishiwa shinikizo la sentimita 5, na mapovu ndiyo ushahidi.

Kama mapafu ya mtu mnene hunywea zaidi, akili ya kawaida inasema apewe shinikizo kubwa zaidi. Dhana hiyo iliaminiwa sana, na ilipimwa katika utafiti uliopewa jina PROBESE, uliochapishwa mwaka 2019. Zaidi ya wagonjwa 1,900 wenye uwiano wa 35 au zaidi, katika hospitali 77 za nchi 23, waligawanywa kwa kura. Wote walipewa mililita 7 kwa kila kilo inayotokana na urefu. Nusu yao walipata shinikizo la sentimita 12 pamoja na kutanuliwa mapafu. Nusu nyingine sentimita 4 tu. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 21.3 ya kundi la kwanza na asilimia 23.6 ya kundi la pili, tofauti ndogo ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Shinikizo kubwa lilipunguza kushuka kwa oksijeni mezani, kutoka asilimia 13.6 hadi 5.0. Lakini shinikizo la damu lilishuka kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu katika kundi hilo, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano katika lile jingine, maana kifua kilichojazwa huzuia damu isirudi kwenye moyo.

Wapo waliosoma matokeo hayo kuwa ni kushindwa. Kwangu ni habari njema kwa hospitali isiyo na mashine ya kisasa. Kundi lililopata sentimita 4 halikupata madhara zaidi baada ya upasuaji, na jambo ambalo makundi yote mawili yalishiriki lilikuwa pumzi ndogo iliyopimwa kwa urefu, inayoweza kutolewa hata kwa mkono. Mwenye mashine nzuri aanze na shinikizo la sentimita 5 hivi, apandishe kwa hatua ndogo oksijeni ikishuka, na aangalie shinikizo la damu kila anapopandisha. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi au aliyefika akiwa amekaukiwa maji hana nafasi ya sentimita 12.

Ujazo wa oksijeni nao una hila yake. Hewa ya kawaida ina naitrojeni nyingi, ambayo haifyonzwi na damu kwa haraka. Hubaki katika vifuko na kuvishikilia wazi kama mbao zinavyoshikilia zege bichi. Mgonjwa akipumuliwa kwa oksijeni tupu kwa saa mbili, naitrojeni huondoka, oksijeni hufyonzwa, na kifuko hufunga. Oksijeni tupu ni ya lazima kabla ya kuingiza mrija wa hewa kooni na wakati wa dharura. Baada ya hapo ipunguzwe hadi kiwango kinachoiweka oksimita katika hali nzuri. Mashine ya kuvuta hewa ya chumba iliyoongezewa oksijeni kutoka kwenye mtambo wa kuichuja hufanya hivyo bila kuambiwa, na ni moja ya mambo ambayo vifaa vya kawaida hutushinda kwa wema.

Kabla ya mrija kuingia, na baada ya kutoka

Swali la kwanza ni kama nusukaputi inahitajika kabisa. Upasuaji wa mabusha, ambao pwani ya kusini inaujua sana kwa sababu ya matende, na upasuaji mwingi wa kumtoa mtoto tumboni, hufanyika kwa ganzi ya mgongo, mgonjwa akijipumulia mwenyewe. Kwa mtu mnene kuitafuta nafasi kati ya pingili huchosha, lakini dakika kumi za kutafuta ni bei ndogo. Aulizwe pia, yeye na anayelala naye, kama hukoroma na kukatika pumzi usingizini. Jibu la ndiyo linamaanisha dawa za maumivu za jamii ya morifini zitatolewa kwa uangalifu mkubwa.

Mlalo una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2005 watafiti wa Australia waliwapa oksijeni wagonjwa wanene sana kabla ya usingizi, baadhi wakiwa wamelala bapa na wengine wameinuliwa nyuzi 25. Walioinuliwa walidumu wastani wa sekunde 201 bila kupumua kabla oksijeni haijashuka kufikia kiwango cha hatari. Waliolala bapa, sekunde 155. Kwa mtaalamu anayetafuta njia ya hewa, sekunde 46 ni nafasi ya jaribio moja zaidi. Mashuka yaliyokunjwa chini ya mabega na kichwa, hadi tundu la sikio lilingane na kidimbwi kilicho juu ya mfupa wa kifua, yanatosha kabisa.

Mwishoni, dawa ya kulegeza misuli itenguliwe kikamilifu na mrija utolewe mgonjwa akiwa macho, ameinuliwa, anaweza kukaza mkono na kuinua kichwa. Haraka ya kupisha mgonjwa anayefuata ndiyo adui mkubwa wa hatua hii.

Kisha mgonjwa huenda wodini, na huko ndiko hatari ilipo. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 ukihusisha nchi 25 na wagonjwa zaidi ya 11,000, ulikuta kuwa asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi wao walikuwa vijana. Zaidi ya vifo tisa kati ya kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Walivuka meza, hawakuvuka wodi.

Mwaka 2018 pia, watafiti wa Australia na New Zealand walichapisha jambo ambalo Lindi inaweza kulianza kesho asubuhi. Wagonjwa 441 waliosubiri upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo waligawanywa: wote walipewa kijitabu, lakini nusu yao waliongezewa nusu saa moja na mtaalamu wa viungo, akawaeleza mapafu hufanyaje baada ya upasuaji na kuwafundisha kuvuta pumzi ndefu mara tu watakapoamka. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 27 ya waliopewa kijitabu pekee, na asilimia 12 ya waliofundishwa. Hakukuwa na mashine wala dawa. Mafunzo yalitolewa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa hana maumivu na akili yake imetulia. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyatoa kwa Kiswahili, au kwa Kimwera na Kimachinga kwa bibi anayekielewa hicho zaidi.

Ndugu wa mgonjwa naye asikie. Wengi humlaza mgonjwa bapa, humfunika, na humkataza kuinuka wakihofia mshono utafumuka. Mshono wa tumbo uliofungwa vizuri huhimili kikohozi. Mgonjwa aegemezwe mito tangu jioni ya kwanza, akumbatie mto au khanga iliyokunjwa juu ya kidonda anapokohoa, avute pumzi kumi ndefu kila saa akiwa macho, akae kitini na kutembea hatua chache kesho yake kama daktari hajakataza. Apewe dawa ya maumivu kwa saa zake, kabla maumivu hayajapanda, kwa sababu anayeumwa hapumui kwa kina. Meno yasafishwe asubuhi na jioni.

Muuguzi aitwe bila kusubiri zamu ya asubuhi ikiwa mgonjwa anapumua zaidi ya mara 25 kwa dakika, oksimita inasoma chini ya 92, amepata homa, makohozi yamegeuka rangi, au ameanza kuchanganyikiwa. Ishara hizo zikitokea baada ya kuruhusiwa, hata akiwa amesharudi Liwale na tarehe ya kliniki haijafika, aende hospitali iliyo karibu akiwa na karatasi yake ya ruhusa, ambayo urefu wake utakuwa umeandikwa juu, kando ya uzito.